Wali wa Siku ya Mkaguzi

Tajiri aliponipigia simu akaniambia nipike wali wa watu kumi na wawili, nilipaswa kukataa. Sikuwa mgonjwa siku hiyo, sikuwa na haraka, wala hakuna aliyenishika shati. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa stoo ya shamba, kati ya Kibiti na Mahege, mkono mmoja umeshika simu na mwingine ufunguo, na nilimsikia vizuri neno kwa neno. Alisema mkaguzi wa usalama kazini anakuja keshokutwa. Nisiwe na wasiwasi, alisema, kwa sababu pale shambani hapana wafanyakazi. Pana majirani walioalikwa kusaidia kupuliza salfa kwenye mikorosho, kama ilivyo desturi ya watu wa huku, na desturi si kosa. Niandae chakula cha kuonekana, niwaeleze wenzangu la kusema, mengine nimwachie yeye. Kisha akasema, "Wewe ndiye msomi wetu huko, Rajabu. Jambo hili linataka mtu mwenye akili." Nikajibu, "Sawa, tajiri." Angenitisha, leo ningekuwa na la kujitetea. Hakunitisha. Alinisifu, nami nikatosheka.

Naandika haya kwa sababu shemeji yangu Athumani, mume wa dada yangu Zuhura, alifariki mwaka huu mvua zilipoanza, na tangu tumzike sijui nikae wapi na mambo ninayoyajua. Wenzangu wakisimulia mwaka uliowafanya wawe watu walivyo, hutaja ujana wao. Ujana wangu mimi ulipita bila kishindo. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikawa karani hapa na pale, sikumtendea mtu ubaya mkubwa wala wema mkubwa. Mwaka ulioniumba ulinikuta nina mvi tayari, msimamizi wa shamba la mikorosho la mtu aishiye Dar es Salaam, na ulianza vizuri, ndiyo maana ninaukumbuka kwa vipande vidogo vidogo hata vile visivyo na maana.

Nyumba ya shamba ilikuwa na vyumba vitatu vilivyopangana kama mabehewa. Cha kwanza kilikuwa stoo, magunia ya salfa yamepangwa hadi karibu na bati, na mashine za kupulizia, zile za kubeba mgongoni, zimening'inizwa kwenye misumari. Cha katikati changu. Cha mwisho nilimpa Athumani na Zuhura. Ni mimi niliyewaita. Walikuwa wakiishi delta, na maji ya chumvi yalikuwa yamepanda mpaka kwenye mashamba yao ya mpunga misimu miwili mfululizo, nikawatumia ujumbe kwa nahodha wa boti ya Nyamisati kwamba huku kuna kazi ya msimu na chumba chenye mlango. Salfa ilikuwa kila mahali katika nyumba ile. Ungefungua mtungi wa maji ukakuta utando wa manjano juu yake, ungekung'uta mto wako ukapiga chafya. Zuhura alifunika vyungu kwa kawa na juu ya kawa akaweka kanga, na bado Athumani alionja mchuzi akasema, "Mke wangu, leo umeweka salfa kidogo. Ongeza." Alikuwa hivyo. Kila neno lake lilikuwa na mkia wa mzaha. Mimi aliniita Bwana Shamba mbele za watu, na tukiwa wawili aliniita Gunia, kwa sababu ya jinsi ninavyokaa. Nilimwacha. Ni shemeji, ana haki hiyo.

Walikuwa kumi na mmoja jumla, Athumani akiwa mmoja wao. Kazi ilianza alfajiri, umande ungali juu ya majani ili unga ushike, na ilikoma upepo ulipoamka, saa tatu hivi. Walifunga vitambaa puani, macho wakayaacha wazi. Jioni walikaa barazani wameyafumba, machozi yakiwatoka, wakipiga soga kama vipofu. Niliwaandika majina kila siku katika daftari lenye jalada jekundu, nani amekuja, nani hakuja, nani amepuliza safu ngapi. Nasema hili ili ieleweke kwamba nilijua wale walikuwa nani. Mtu aliyealikwa haandikwi daftarini. Kwetu jirani akizidiwa na shamba lake huita wenzake, anapika, wanalima hadi jua linapokuwa kali, wanakula, wanakwenda zao, na siku nyingine naye huitwa. Hakuna anayemhesabia mwenziwe safu.

Kabla ya habari ya mkaguzi kulikuwa na habari ya bima. Mwandikishaji wa bima ya afya kijijini kwetu alikuwa Mama Neema, mke wa mwalimu mmoja aliyehamia kutoka bara, mama mpole, mwenye simu ya kazi aliyoitunza ndani ya mfuko wa nailoni kwa kuogopa vumbi. Alipita nyumba kwa nyumba akiandika kaya, akipiga picha za watu wameegemea ukuta. Alipofika shambani nilimwandalia kigoda. Alitaka kuwaandika watu wangu pamoja na wake zao na watoto wao, kila kaya na kadi yake. Tajiri alikuwa ameniambia mwezi mmoja nyuma kwamba anapanga kuwasajili wote yeye mwenyewe kama waajiri wengine, na mimi, kwa kutaka kuonekana najua zaidi ya mama yule, nikamwambia asijisumbue. "Hawa ni waajiriwa," nilisema. "Wanaandikishwa na mwajiri wao." Mama Neema aliuliza kama nina hakika, maana dirisha la kujiandikisha lingefungwa na yeye asingependa mtu abaki nje. Nikasema nina hakika. Athumani alikuwa ameshavaa shati lake la Idi kwa ajili ya picha. Akalivua, akalikunja, akasema siku ya tajiri atalivaa tena, atasimama upande ambao jino lake lililovunjika halionekani.

Siku ya tajiri haikuja. Ilikuja simu ile niliyoitaja, na mimi niliyesema kwa Mama Neema kwamba hawa ni waajiriwa, nikakaa nao barazani jioni ile ile nikawafundisha kusema kwamba si waajiriwa. Sikuwaficha sababu niliyopewa. Niliwaambia tajiri akibanwa atafunga shamba msimu huu, au ataleta watu wengine na trekta la kupulizia. Walinisikiliza macho yao mekundu yakiwa yamefumbwa. Mmoja aliuliza je, wakiulizwa wanalipwa nini, waseme nini. Nikasema waseme wanakula. Athumani ndiye aliyejibu.

"Basi shemeji, wali uwe wa nazi," alisema. "Mimi siwezi kumdanganya mkaguzi kwa ugali."

Walicheka wote, nami nikacheka, na lile jambo likawa limepita. Hivyo ndivyo lilivyopita. Nimeshuhudia vikao vya kijiji vikikesha kwa mpaka wa shamba, lakini hili lilimalizika kwa kicheko kimoja kabla chai haijapoa.

Zuhura ndiye aliyepika. Nilimwomba mimi, kaka yake, na hakuniuliza ni wa nini. Alikuna nazi tangu asubuhi, akapika wali ukaiva punje punje, kambale wa kuchoma akamtia kwenye tui zito lenye bizari, kisamvu pembeni, pilipili ya kusaga kwenye kibakuli. Tulitandika mikeka miwili chini ya kivuli cha nyumba. Mashine nilizipanga stoo, daftari jekundu nikaliweka chini ya godoro langu. Mkaguzi alifika mchana kwa gari lenye matope, pamoja na dereva wake. Nilitarajia mwanamume mwenye tumbo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, lafudhi yake ya bara, viatu vya kazi, na alimwamkia kila mtu kwa zamu bila haraka. Aliingia stoo akakaa humo muda mrefu kuliko nilivyopenda. Alitoka na mashine moja mkononi. Vishikizo vya mikanda yake vilikuwa vimekatika tangu mwaka uliopita, na mimi nilikuwa nimevifunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, fundo mara mbili, ili mzigo usiteleze mgongoni. Alilivuta lile fundo kwa vidole. Halikufunguka. Aliuliza mtu akitaka kuivua haraka anafanyaje. Nikasema huwa hawavui haraka.

Tulimkaribisha akala. Alikaa mkekani nasi, akanawa, akala kwa mkono, akausifu wali, na katikati ya kula akaanza kuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua. Wewe ni wa wapi, unakuja mara ngapi, nani anakuita. Walijibu nilivyowafundisha, macho yakiwa kwenye sinia. Alipofika kwa Athumani, Athumani alimaliza tonge lake kwanza.

"Mimi, mheshimiwa, nimemwoa dada yake huyu bwana," alisema akinionyesha kwa kidevu. "Akiniita nisipokuja, usiku nafungiwa mlango. Sasa hiyo utaiandika ni ajira au ni kifungo?"

Mkaguzi alicheka mpaka akaweka tonge chini. Dereva alicheka. Zuhura, aliyekuwa akipita na birika, alimpiga mumewe begani kwa upande wa kanga. Ndipo mkaguzi alipotoa karatasi zake, na baada ya chakula kila mmoja akaweka sahihi au dole gumba kuthibitisha kwamba ameshiriki kwa hiari, kwa kualikwa, bila mkataba wala ujira, nami nikatia yangu chini. Athumani alijua kuandika. Aliandika jina lake lote, herufi kubwa, taratibu, kama alivyozoea kuandika jina la mtumbwi wake.

Kabla hajapanda gari mkaguzi aliniita pembeni, kwenye kivuli cha ukuta wa stoo. Nimewahi kujiambia kwamba alikuwa na haraka, kwamba hakunipa nafasi. Si kweli. Alinipa nafasi pana kabisa. Alinieleza kwamba mahali pa kazi angeacha amri ya maandishi: vishikizo vipya, miwani, barakoa, mafuta yasitiwe mashine ikiwa ya moto, majina yote yapelekwe kwenye mfuko wa fidia, na angerudi kuhakikisha. Lakini mahali pa kualikana hana mamlaka ya kuamuru. Anaweza kuacha ushauri tu.

"Mzee, nakuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye unayewajua," alisema. "Hawa ni wafanyakazi au si wafanyakazi? Nikiandika hivi, siku mmoja akiumia sitakuwa na pa kushika."

Naukumbuka ukuta ule, jinsi ulivyokuwa na alama za mikono ya manjano ya watu waliojipangusa. Kumi na moja. Nikamwambia, "Andika hivyo hivyo walivyosema, mama." Alinitazama kidogo, akaandika. Ule ushauri wake niliupokea kwa mikono miwili, nikaupachika kwenye msumari stoo, nyuma ya mashine.

Haikupita hata mwezi. Ilikuwa asubuhi yenye jua, kazi inakaribia kwisha, na mimi nilikuwa mwisho wa safu nikihesabu miti. Mashine ya Athumani iliishiwa mafuta katikati ya shamba. Badala ya kuivua, kwa sababu kuivua kulimaanisha kumwita mtu amfungulie mafundo yangu, alipiga goti moja akamwomba mwenzake aongeze petroli ikiwa hapo hapo mgongoni. Injini ilikuwa bado ya moto. Petroli ilimwagika ikamshukia begani, kwenye shati lililojaa unga. Sasa moto wa salfa ni wa buluu, na katika jua kali hauonekani. Sisi tuliokuwa mbali tulichoona ni Athumani anacheza. Anaruka, anazunguka, anapiga mikono mgongoni kama mtu wa ngoma. Na kwa kuwa alikuwa Athumani, tulicheka. Mimi nilicheka. Nilisimama nikamcheka shemeji yangu anaungua, mpaka mtu aliyekuwa na kidumu alipokimbia na upepo ukatuletea harufu. Tulipomfikia mpira wa tairi ulikuwa umeyeyuka ukashikana na mkanda. Alijaribu kulifungua fundo kwa mkono wa kulia, na ule mkono ndio ulioungua zaidi. Tulikata kwa panga.

Tulimpeleka hospitali ya misheni kwa gari la mizigo, Zuhura amemwekea kichwa mapajani, kanga yake yote imelowa maji. Muuguzi aliyempokea hakuuliza kadi kwanza, namshukuru kwa hilo hadi leo. Walimpeleka ndani wakamhudumia. Baadaye alinijia na fomu kwenye benchi. Aliuliza kama mgonjwa ana bima. Nikasema hana. Aliuliza kama ameumia kazini, maana kama ni kazini kuna utaratibu wake na mwajiri ana karatasi zake za kujaza. Zuhura alikuwa amekaa kando yangu. Nikafikiri juu ya zile sahihi kumi na moja, na yangu chini yake. Nikasema, "Ameumia shambani kwa ndugu." Muuguzi akaandika. Zuhura aligeuka akanitazama, na hapo, nadhani, ndipo alipojua wali ule ulikuwa wa nini.

Mkono wa mtu aliyeungua hautaki kupona tu. Unataka kunyooshwa siku baada ya siku, unataka ngozi ya kupandikizwa, unataka mtaalamu, na mtaalamu yuko Dar es Salaam. Daktari alitueleza hayo vizuri, kwa picha aliyoichora nyuma ya karatasi. Mwenye kadi angeandikiwa rufaa akaenda. Aliyeumia kazini angelipiwa na mfuko mpaka mwisho. Athumani hakuwa huku wala huku. Alikosa kadi ya kijiji kwa kuwa nilimwita mwajiriwa, akakosa fidia kwa kuwa nilimwita mgeni wa chakula. Nilikaa kwenye benchi lile nikiyapanga maneno hayo mawili, yote ya kwangu, yote niliyatoa kwa kujiamini, nikaona kwamba hata mtu mwenye chuki naye asingeweza kumziba njia zote namna ile. Tulivyoweza kuuza tuliuza. Alikwenda Dar es Salaam mara moja. Mara ya pili hatukuweza.

Tajiri alikuja kumjulia hali. Alileta mchele na sukari na maneno mazuri, akamshika Athumani mguu, akamwita mdogo wake. Nje alinivuta kando akasema haya ni ya kuyamaliza nyumbani, kama ndugu. Tukiyapeleka ofisini yatachukua miaka na watakaoumia ni wale wote waliotia sahihi, kwa kumdanganya mtumishi wa serikali, na mimi wa kwanza. Nilimwamini, au niliogopa, siku hizi nashindwa kutenganisha. Nikamwambia Zuhura asubiri. Alisubiri. Tukasubiri miezi mizima. Simu ya tajiri ilianza kuita bila kupokelewa, kisha ikawa haiiti. Msimu wa korosho ulipofika alileta msimamizi mwingine, nikakabidhi ufunguo. Daftari jekundu nilikuwa nimekwisha kumkabidhi yeye alipokuja na ule mchele, aliponiomba akasema anataka kuangalia hesabu ya safu.

Ilichukua mpaka mwaka mpya mimi kwenda ofisini Kibiti. Nilimkuta mkaguzi yule yule, amekuja kwa ziara, katika chumba cha kuazima chenye meza mbili na feni isiyozunguka. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Hakunikatiza. Nilipomaliza alifungua faili, akatoa karatasi zenye madole gumba, na madoa ya mafuta ya kambale bado yalikuwa yanaonekana pembeni. Aliziweka mbele yangu moja moja. Ya Athumani ilikuwa ya tatu.

"Mzee," alisema, "nilikuuliza."

Hakusema kwa ukali. Aliniambia nikae. Alisema atajaribu, na alijaribu kweli, kwa hilo siwezi kumlaumu. Aliandika barua, aliomba maelezo ya mashahidi, alifunga safari akaenda shambani mara mbili, na tangu hapo pale shambani kuna miwani na barakoa na vishikizo vya chuma. Nimewaona kwa macho yangu vijana wa sasa wamevaa. Ila kwa Athumani alihitaji kitu kimoja kati ya viwili: kumbukumbu ya ajira, au taarifa ya ajali iliyotolewa kwa wakati. Daftari halikuwepo. Wakati ulikuwa umepita, nilikuwa nimeutumia kusubiri. Vikabaki vinywa vya watu.

Niliwafuata wale tisa mmoja mmoja, maana wa kumi alikuwa amehama. Wengi bado walikuwa wakitegemea kazi ya salfa pale pale. Nilimkuta mmoja wao, Shomari, ndiye aliyeshika kidumu cha petroli siku ile, ametulia kwake anasuka ukuti. Nilimweleza ninachotaka, aende akaseme walikuwa wafanyakazi. Aliendelea kusuka hadi mwisho wa mstari.

"Kaka Rajabu, ulituambia tuseme tumealikwa, tukasema. Tukaweka na dole," alisema. "Leo unataka tuseme tulidanganya serikali. Kesho utataka tuseme nini?"

Nilikaa naye kidogo, nikamsaidia kushika upande wa pili wa ukuti, nikaondoka. Jibu la maandishi lilifika kabla ya masika, nikalipokea mimi kwa kuwa anwani ilikuwa yangu. Lilikuwa na adabu. Lilisema mhusika, kwa mujibu wa maelezo yake mwenyewe aliyoyatia sahihi, alikuwa akimsaidia ndugu.

Walirudi delta. Niliwasindikiza hadi Nyamisati, nikapanda nao boti, nikalala kwao siku tatu. Mkono wa kulia wa Athumani ulikuwa umejikunja vidole vyote vinne ndani, kama mtu anayeficha kitu kiganjani, na pumzi yake ilikuwa fupi, anapanda ngazi tatu za udongo anasimama. Huko kila kitu ni mtumbwi: kwenda shamba, kwenda dukani, kwenda zahanati. Kasia linataka mikono miwili. Nilimwona Zuhura akipiga kasia, mumewe amekaa mbele kama mzigo, akimwelekeza mikondo ya maji anayoijua tangu utotoni. Siku ya pili, mchana, nilikuwa nimejilaza nyuma ya ukuta wa makuti, wakadhani nimelala. Nilimsikia Athumani akisema, "Usimkalie kimya namna hii kaka yako. Kosa lake nini? Aliniita kula." Akacheka, kisha akakohoa muda mrefu. Zuhura alingoja kikohozi kiishe.

"Wali ule niliupika mimi," alisema. "Nilikuna nazi kwa mikono yangu. Hakuniambia."

Nilibaki nimelala macho wazi, nikitazama chungu mmoja akipanda ukutini. Ningeweza kuinuka nikaingia. Sikuingia.

Aliishi miaka kadhaa hivyo. Nilikuwa nikipeleka nilichoweza, na Zuhura alikuwa akipokea kwa mkono, bila neno, kama unavyopokea mzigo kwa kondakta. Kilichomuua ni kifua. Daktari hakusema ni salfa wala hakusema si salfa. Alisema mapafu yamechoka. Wiki hii, ninapoandika, gari la matangazo linapita hapa Kibiti likihimiza watu wote wajiandikishe bima ya afya, tajiri kwa maskini, mwenye ajira na asiye na ajira. Nimewaandikisha wote walio nyumbani kwangu, nikasimama foleni tangu asubuhi, na msichana wa mezani aliponiuliza kazi za watu wangu nilimjibu polepole sana, neno kwa neno, mpaka watu wa nyuma yangu wakaanza kuguna.

Katika ukoo wetu mjane akimaliza eda, kaka yake ndiye anayekwenda kumchukua na kumrudisha nyumbani kwao. Sina dada mwingine, naye hana kaka mwingine. Nilikwenda mwezi uliopita, na kanga mpya na viatu, kama inavyotakiwa. Alitoka ndani amekwisha kuvaa. Alikuwa amemwita binamu yetu wa mbali, mtu ambaye hajawahi kumletea hata chumvi, na akapita mbele yangu akaenda kupanda mtumbwi wake. Hakunitukana. Aliniambia, "Karibu chakula, kipo jikoni," kama anavyoambiwa mgeni. Basi hicho ndicho ile "sawa" yangu ilichonigharimu. Athumani aliishi na kufa bila mkono wake wa kulia, na bila karatasi hata moja inayosema aliupoteza akiwa kazini, na mimi sina dada.